Uzi: Je, hojaji inatosha kuchunguza matumizi ya spika janja na faragha ya data majumbani?

Mwanachuo_Shangani
Habari za jioni, wadau. Ninaandaa pendekezo la utafiti kuhusu matumizi ya spika janja na faragha ya taarifa binafsi katika nyumba za Mtwara Mjini na Lindi Mjini, yaani vile vifaa vya sauti unavyoviamsha kwa kutamka neno fulani, kisha ukaviagiza viweke muziki, vikuamshe alfajiri au vizime taa. Msimamizi wangu anataka hojaji yenye vipimo vya Likert, yaani sentensi ambazo mhojiwa huonyesha anakubaliana nazo kwa kiasi gani, idadi ya wahojiwa (sampuli) ikokotolewe kwa kanuni ya Yamane, na uchanganuzi ufanywe kwa programu ya takwimu ya SPSS. Nimeijaribu rasimu kwa majirani na marafiki wachache wenye vifaa hivyo, na majibu yamenitia shaka. Karibu kila mmoja alizungushia "nakubaliana sana" kwenye sentensi isemayo kwamba faragha ya mazungumzo ya nyumbani ni muhimu kwake, lakini nilipowauliza kwa mdomo kama wamewahi kufungua kumbukumbu ya sauti zao zilizohifadhiwa kwenye akaunti, wengi waliniuliza kumbukumbu hiyo iko wapi. Dai langu ni kwamba hojaji peke yake hupima adabu ya mhojiwa kuliko faragha yake. Naomba mnipinge au mnisaidie.

Korosho_Daraja_la_Kwanza
Kabla hatujaihukumu hojaji, tumtazame kwanza anayeijaza. Hapa kwetu ukimuuliza mtu kama ana spika janja, atakuonyesha sabufa inayowaka taa za rangi na kutangaza kwa sauti ya kike kwamba bluetooth imeunganishwa. Atazungushia "ndiyo" kwa moyo safi, kisha atakujibia maswali yote kuhusu data inayosafiri nje ya nchi, ilhali kifaa chake hakijagusa intaneti tangu kitoke Kariakoo. Weka swali la kuchuja mwanzoni, au bora zaidi omba ukione kifaa chenyewe.

Pili, hiyo kanuni ya Yamane. Kanuni inakutaka ujue N, yaani idadi ya watu wote unaowachunguza. Nani ana daftari la wenye spika janja Mtwara? Nyingi zimekuja kwenye mabegi ya ndugu waliotoka Muscat na Dubai. Ukibuni N, kanuni itakupa namba yenye sura ya kitaalamu tu, kwa sababu kwa kosa la asilimia 5 hata ukiandika N ya milioni moja jibu halivuki 400. Ndiyo maana tasnifu nyingi zina sampuli inayokaribia hapo bila msomaji kuambiwa watu hao walipatikanaje.

Mwalimu_wa_Takwimu
Namuunga mkono Korosho kwenye Yamane. Ambapo hakuna orodha ya kuchaguliwa, mtafiti mwaminifu hutumia sampuli ya mnyororo, ambapo mhojiwa mmoja humwelekeza kwa mwingine, na huandika wazi kwamba matokeo yake hayawakilishi mkoa mzima. Usilazimishe asilimia pale ambapo unachoweza kupata ni maelezo ya kina. Kuna utafiti wa Guest na wenzake wa mwaka 2006, uliotumia mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, ulioonyesha kwamba mada mpya zilikuwa zimekaribia kuisha kufikia mahojiano ya 12. Wengi huichukua 12 kama amri, ilhali wahojiwa wale walikuwa wanafanana kwa mengi na waliulizwa maswali yale yale. Wewe utakutana na baba mwenye akaunti, mtoto wa shule, msaidizi wa kazi na mgeni wa sikukuu, kwa hiyo 12 ya jumla haitakufikisha.

Mzee_wa_Baraza
Vijana, mnazunguka mbuyu. Kifaa kile kinarekodi saa 24 na Wamarekani wanasikiliza. Tangu kianze kuuzwa mwaka 2016 jambo hili linajulikana. Unahitaji hojaji ya nini?

Fundi_Ligula
Shikamoo, Mzee. Jambo hilo linapimika, na hapo ndipo ninapotofautiana na nyote mnaobishana kuhusu watu. Acha kumhoji mtu, kichunguze kifaa. Ukiweka kompyuta mpakato kati ya ruta na spika, ukaendesha programu kama Wireshark, utaona kila pakiti (kifungu cha data) inayotoka, saa iliyotoka, ukubwa wake na seva inayokwenda. Maudhui huyaoni kwa sababu yamesimbwa, yaani yamefungwa kwa msimbo wa siri, lakini umbo la mawasiliano linaonekana vizuri. Spika ikiwa imetulia inatuma vipande vidogo vya kujulisha kwamba ipo hewani. Ukitamka neno la kuamsha, mstari unapanda ghafla kwa sekunde chache, kisha unashuka. Ingekuwa inatuma sauti saa 24, kwanza kabisa kifurushi chako cha intaneti kingekuambia.

Binti_Nachingwea
Shikamoo, Mzee, na kwa heshima nirekebishe mambo mawili. Amazon walitangaza spika yao ya Echo Novemba 2014. Mwaka 2016 ni wa Google Home. Kuhusu kurekodi saa 24, watafiti wa vyuo vikuu vya Northeastern (Marekani) na Imperial College London walichapisha mwaka 2020 jaribio ambalo waliwekea spika hizo tamthilia za televisheni kwa saa 134, huku kamera ikitazama taa ya kila kifaa na mawasiliano yakinaswa. Hawakupata ushahidi wa kurekodi mfululizo. Walichokipata ni kwamba vifaa viliamka vyenyewe mara kwa mara baada ya kusikia maneno yanayofanana na neno la kuamsha, na baadhi ya vipande hivyo vilitumwa. Hoja yako ya kusikilizwa nayo ina mzizi: mwaka 2019 shirika la habari la Bloomberg waliandika kwamba wafanyakazi wa Amazon husikiliza sehemu ya rekodi za Alexa, msaidizi wa sauti aliyemo kwenye Echo, ili kuboresha utambuzi wa sauti, na mwaka huo huo yakafichuka mambo kama hayo kwa Google na Apple.

Kwa Mwanachuo, tofauti hiyo ndiyo iliyobeba utafiti wako. "Inarekodi daima" na "inaamka kwa bahati mbaya, na kipande kinaweza kusikilizwa na mtu" ni hofu mbili, na sentensi moja ya Likert haiwezi kuzitenganisha.

Mzee_wa_Baraza
Marahaba, binti. Kwa hiyo wanasikiliza, ila kwa zamu. Nimekuelewa.

Msimulizi_Mikindani
Mzee ameshinda kwa pointi.

Nina swali kwa Fundi. Mbinu yako itajua kwamba saa mbili usiku kifaa kiliamka, lakini itajuaje nani alikiamsha na kwa nini? Nyumbani kwetu kifaa hakielewi Kiswahili, na baba hakiagizi hata siku moja. Anayekiagiza ni mdogo wangu anayesoma shule ya Kiingereza. Baba akitaka kusikia mawaidha anamwita mtoto, mtoto anatamka, kifaa kinatii. Akaunti ni ya baba, sauti ni ya mtoto, matakwa ni ya baba. Ukija na hojaji ya "mkuu wa kaya" utaambiwa baba anatumia kila siku; ukisoma kumbukumbu za kifaa utaona mtoto wa miaka kumi mwenye mapenzi makubwa na mawaidha.

Fundi_Ligula
Ndiyo maana kumbukumbu za matumizi hazikai peke yake. Bentley na wenzake mwaka 2018 walichambua maagizo 65,499 kutoka nyumba 88 zenye Google Home, wakaweza kuonyesha watu wanaomba nini na saa ngapi kwa muda mrefu, jambo ambalo hakuna mhojiwa angelikumbuka. Hata hivyo tahadhari moja ya kwetu ni lazima. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilisuasua Afrika Mashariki nzima, na spika isiyo na intaneti haiwezi kutekeleza maagizo mengi. Ukisoma kumbukumbu za wiki ile bila kujua habari hiyo, utaandika kwamba watumiaji walipatwa na hofu ya faragha wakaacha kuzitumia. Umeme ukikatika jioni, hali ni ile ile. Weka daftari la kukatika kwa umeme na mtandao sambamba na data yako, ama sivyo utaeleza tabia za watu kwa makosa ya nyaya.

Binti_Nachingwea
Hapo Fundi ameniwahi. Nami napendekeza mbinu ya tatu, ambayo kwa maoni yangu inajibu dai la kwanza la uzi huu vizuri kuliko zote. Mwaka 2019 Malkin na wenzake walichapisha utafiti wa wenye spika janja 116, ambapo kila mshiriki alisikilizishwa rekodi zilizochaguliwa bila mpangilio kutoka kwenye akaunti yake mwenyewe, kisha akaulizwa kuhusu rekodi hiyo hiyo: nani anazungumza, ulijua imehifadhiwa, ungependa ikae muda gani. Karibu nusu hawakujua kwamba rekodi zinahifadhiwa kwa kudumu na kwamba zinaweza kusikilizwa tena. Mtu anayeisikia sauti ya mama yake ikitoka kwenye simu hajibu kwa adabu tena. Anajibu kuhusu kitu kilichopo mbele yake.

Wapo pia Lau na wenzake wa mwaka 2018, waliowapa watumiaji 17 shajara za kuandika kila walipokitumia kifaa, kisha wakawahoji majumbani kwao, na wakahoji wengine 17 wasiotumia. Hao wasiotumia usiwasahau. Kwa Mtwara, shajara ya kuandika itarudi ikiwa tupu. Waombe wakutumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp.

Mama_Wawili_Mitwero
Nasalimia kutoka Lindi. Nimesoma kwa makini, na pendekezo la Binti Nachingwea limenishtua. Spika yetu aliileta shemeji yangu kutoka Oman, na iliunganishwa na simu ya mume wangu. Kumbukumbu zote ziko kwenye simu hiyo. Mchana mume yuko kazini, mimi na wanangu tunaitumia, wifi anakuja, tunazungumza yetu, na kifaa kina tabia ya kuamka katikati ya mazungumzo bila kuitwa. Mtafiti akija jioni, akaketi na mume wangu, akafungua rekodi "bila mpangilio" na kuziweka kwa sauti sebuleni, atakuwa amefanya utafiti wa faragha au ameivunja?

Niseme wazi: kampuni iliyoko Marekani hainijui wala haitakuja kunisema kwenye shughuli. Wifi yangu anaweza. Mnapouliza "una wasiwasi gani kuhusu faragha", mnadhani ninawaza seva. Mimi ninawaza nani ndani ya nyumba hii anashika ile simu.

Korosho_Daraja_la_Kwanza
Mama Wawili ameandika sura nzima ya mfumo wa dhana kwa aya mbili, na wifi ameingia kwenye fasihi ya faragha rasmi. Helen Nissenbaum, msomi wa masuala ya faragha, ana hoja inayokaribia hapo: taarifa haiwi ya siri au ya wazi kwa asili yake, bali kila mazingira yana kanuni za nani ampe nani taarifa gani kwa sharti gani, na faragha huvunjika pale kanuni hizo zinapokiukwa. Kwa hiyo badala ya kuuliza "unajali faragha kwa kiasi gani", mpe mhojiwa visa vifupi na ubadilishe kitu kimoja kimoja. Rekodi ya mazungumzo ya jikoni imesikika kwa mume. Imesikika kwa wifi. Imesikika kwa mwenye nyumba. Imesikika kwa mfanyakazi wa kampuni. Imesikika kwa polisi wenye hati. Apthorpe na wenzake walitumia njia hiyo mwaka 2018 kwa vifaa vya nyumbani, kwa watu 1,731 wa Marekani. Wao hawakuwa na wifi kwenye orodha yao, wewe muweke.

Mwanasheria_Kijana_Lindi
Naona mnafungua akaunti za watu kana kwamba nchi haina sheria. Tangu mwaka 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mwalimu_wa_Takwimu
Wakili, sheria ni ya mwaka 2022. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Mwanasheria_Kijana_Lindi
Nilikusudia kuanza kutumika, ila nashukuru, Mwalimu. Hoja yangu ni kwamba mwanafunzi anayechukua rekodi za sauti anageuka kuwa mkusanyaji wa taarifa binafsi, na wajibu unamfuata: aseme lengo, achukue kinachohitajika tu, akitunze salama. Ridhaa ya mwenye akaunti haitoshi kwa sauti ya mtu mwingine iliyomo. Dada wa kazi hakusaini kitu. Mgeni hakujua kama kuna kifaa. Watoto ndio zaidi. Mwaka 2023 Amazon walikubali kulipa dola milioni 25 Marekani katika shauri lililohusu kuhifadhi rekodi za sauti za watoto kupitia Alexa, kwa hiyo jambo hili si dogo hata kwa wenye mawakili.

Kiutaratibu, barua ya chuo itakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke wilayani, kata, mpaka kwa mtendaji wa mtaa.

Msimulizi_Mikindani
Na hapo ndipo majibu yatakapoharibika. Ukibisha hodi ukiwa na mtendaji wa mtaa pembeni, ukauliza kama mtu ana wasiwasi wa kusikilizwa, nani atakujibu ndiyo? Mwanachuo anadhani watu wanajibu kwa adabu. Mimi nadhani wanajibu kwa tahadhari, na hizo ni sababu mbili ambazo kwenye SPSS zinaonekana sawa.

Mzee_wa_Baraza
Kuna sababu nyingine ambayo wasomi hamjaigusa. Watu hawafungui hizo kumbukumbu kwa sababu wamekata tamaa, si kwa sababu ni wajinga. Laini zetu za simu tulisajili upya kwa alama za vidole, mwisho ukawa Januari 2020, na asiyesajili alizimiwa. Mtu aliyepanga foleni juani ili atoe vidole vyote hataona jambo la ajabu kutoa sauti anapoagiza taarab. Anaposema faragha ni muhimu anasema kweli. Anapokosa kufanya lolote, anaamini halitabadilisha kitu. Hapo hakuna unafiki.

Mwalimu_wa_Takwimu
Mzee, hiyo ni dhanatete nzuri, lakini inabaki dhanatete mpaka ipimwe. Nami nina maelezo ya nne ambayo hayahitaji adabu, tahadhari wala kukata tamaa. Hojaji ya Mwanachuo imeuliza mtazamo kwa ujumla, kisha ikaulinganisha na kitendo mahususi. Mtu anaweza kujali afya sana na asijue kipimo chake cha sukari. Hakuna mgongano wowote hapo, kuna maswali mawili ya ngazi tofauti. Uliza kitendo kwa kitendo: umewahi kukichomoa kifaa wageni walipokuja, umewahi kubonyeza kitufe cha kuzima kipaza sauti, umewahi kumwambia mtoto anyamaze kwa sababu kipo. Na maswali ya matumizi yatangulie. Neno faragha lisitokee mpaka mwishoni, kwa kuwa ukilitaja mwanzoni umeshamfundisha jibu.

Mwanasheria_Kijana_Lindi
Kwenye fomu ya ridhaa utaandika nini, Mwalimu? "Utafiti wa matumizi ya spika" huku lengo ni faragha? Mtu ana haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa lengo gani kabla hajazitoa.

Mwalimu_wa_Takwimu
"Utafiti wa namna familia zinavyoishi na spika janja na maoni yao kuihusu." Ni kweli tupu.

Mwanasheria_Kijana_Lindi
Ni kweli iliyokunjwa. Kamati ya maadili ikiikubali, mimi sitaikubali.

Binti_Nachingwea
Mkiendelea kubishana, hojaji yenyewe inachakaa. Baadhi ya hojaji za zamani zina swali la kama mtumiaji amechagua sauti yake isitumwe kwenye seva. Amazon waliondoa chaguo hilo kwenye Echo tarehe 28 Machi 2025. Anayelitumia leo kama kipimo cha kujali faragha anapima kitu ambacho mtumiaji hawezi tena kukifanya. Mipangilio ya kila kifaa ikaguliwe upya wiki ya kuanza kukusanya data.

Fundi_Ligula
Nimekumbuka mbinu moja inayoweza kuwapatanisha. Porcheron na wenzake kule Uingereza, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2018, waliweka Echo kwa familia tano pamoja na kinasa sauti chao wenyewe. Kinasa kilikuwa kikishika dakika ya mwisho tu na kuifuta, isipokuwa neno la kuamsha likisikika; hapo kinahifadhi kilichotangulia na kinachofuata. Unapata mazungumzo yaliyozunguka agizo: nani alimtuma nani, nani alicheka, nani alikasirika kifaa kilipokosea. Kwa nyumba ya Msimulizi, baba na mtoto wangeonekana wote wawili.

Mama_Wawili_Mitwero
Kwa hiyo ili mchunguze kifaa kinachosikiliza nyumbani kwangu, mtaniletea kifaa cha pili kinachosikiliza nyumbani kwangu.

Fundi_Ligula
Kina swichi ya kuzima.

Mama_Wawili_Mitwero
Na cha kwanza kinayo.

Mwanachuo_Shangani
Nawashukuru sana. Nimeanza kuandika upya: watu wachache, nitakiona kifaa kwa macho, visa vya Korosho, maswali ya vitendo ya Mwalimu, daftari la umeme la Fundi, na mahojiano tofauti kwa kila mtu wa nyumba badala ya mkuu wa kaya peke yake. Rekodi nazitaka, kwa sababu bila hizo nitabaki na maneno matupu, lakini nimemsikia Mama Wawili. Wazo langu ni hili: mshiriki asikilize rekodi peke yake kwa spika za masikioni, achague anayoweza kuizungumzia, mimi nisiisikie kabisa, nimuulize tu kuhusu alichokisikia. Sitabaki na sauti ya mtu yeyote.

Mwalimu_wa_Takwimu
Utapoteza uteuzi usio na mpangilio. Atachagua zile nyepesi, za muziki na saa ya kuamka.

Binti_Nachingwea
Mwache achague, ila uhesabu ni ngapi aliziruka. Kuruka nako ni data.

Mwanasheria_Kijana_Lindi
Hilo naliafiki zaidi. Lakini anayeshika simu ni mwenye akaunti, na anayesikika anaweza kuwa mwingine. Spika za masikioni zinamlinda dada wa kazi dhidi yako, hazimlindi dhidi ya bosi wake ambaye hajawahi kufungua kumbukumbu hiyo mpaka wewe ulipomwonyesha ilipo.

Korosho_Daraja_la_Kwanza
Basi aanze na wote wa nyumba kwa pamoja, awaeleze kwamba kumbukumbu ipo na jinsi ya kufuta, awape siku kadhaa, ndipo arudi.

Mwalimu_wa_Takwimu
Akirudi atakuta zimefutwa.

Mama_Wawili_Mitwero
Za kwetu atakuta zimefutwa zote, na aandike hivyo hivyo.